Unataka kutumia wanyama kwenye utafiti? Mwongozo kamili wa sheria, kibali na usimamizi, hatua kwa hatua

Huu mwongozo ni kwa mwanafunzi wa masters au PhD, mtafiti anayeanza, fundi wa maabara, au hata mtu tu anayetaka kuelewa hawa wanyama wanalindwaje. Nitaenda hatua kwa hatua, ila sio kila hatua ina uzito sawa, zingine nitazipita haraka na zingine nitakaa nazo manake ndo zinazoamua mnyama ateseke au asiteseke.

Jambo moja niliseme mapema kabisa. Watu wengi wanaona kibali kama mlango, ukishaupita basi umemaliza, wanatoa jasho lote kwenye kujaza fomu. Kisheria mambo hayako hivyo. Kibali ni ahadi ulizoziandika mwenyewe kuhusu wanyama fulani, idadi fulani, dawa fulani, na sheria inaendelea kukufuata nazo mpaka mnyama wa mwisho. Kwahiyo kila unachoandika kwenye protokoli (ule mpango wa maandishi wa jaribio lako) andika kitu ambacho utakifanya kweli, saa nane usiku, jumapili, umechoka.

Hatua ya 1: Jua kama kazi yako inaguswa na sheria

Kabla hujaandika chochote jiulize mnyama wako ni nani, unamfanya nini, na hela inatoka wapi. Hayo matatu ndo yanaamua.

Mnyama ni nani: Umoja wa Ulaya una Direktivu 2010/63/EU (agizo la kisheria kwa nchi wanachama), ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2013, inalinda wanyama wote wenye uti wa mgongo (binadamu hayumo) pamoja na pweza, ngisi na jamaa zao, na inaenda mpaka kwa vitoto vya mamalia ambavyo havijazaliwa kuanzia theluthi ya mwisho ya ukuaji wao tumboni. Samaki wamo. Kuna watu bado wanadhani samaki hawahesabiki, wanahesabika.

Marekani ni hadithi nyingine. Sheria yao ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966 inawaacha nje panya wa jenasi Rattus na Mus waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, na ndege waliozalishwa kwa ajili hiyo pia. Yaani panya, ambao ndo wanatumika kwa wingi kuliko mnyama yeyote mwenye damu ya moto, hawamo kwenye sheria kuu. Binafsi naona hilo ni pengo kubwa na halina sababu ya kisayansi, panya anasikia maumivu kama sungura anavyosikia. Ila sasa ukipokea hela za taasisi za afya za serikali yao, kuna Sera ya PHS (idara ya afya ya umma ya Marekani) ambayo inamlinda kila mnyama mwenye uti wa mgongo, panya akiwemo. Ndo maana nimesema uliza hela inatoka wapi, chumba kimoja cha panya kinaweza kuwa nje ya sheria moja na ndani ya nyingine.

Unamfanya nini: Ulaya na Uingereza wana kipimo ambacho nakipenda kwasababu kinashikika. Kitendo kinaingia kwenye sheria kama kinaweza kumletea mnyama maumivu, mateso, dhiki au madhara ya kudumu yanayolingana au kuzidi yale ya kuchomwa sindano na mtu anayejua kazi yake. Kwahiyo kukaa mbali na kuangalia tabia za ndege mara nyingi hakuingii, kumkamata kwa wavu na kumtoa damu kunaingia. Kumnyima chakula au kumtenga na wenzie pia kunaweza kuingia hata kama hakuna sindano wala kisu, manake dhiki nayo inahesabiwa.

Ukiwa na mashaka usijiamulie mwenyewe, iandikie kamati ya taasisi yako barua fupi, eleza unachotaka kufanya, subiri jibu la maandishi na ulitunze. Na usianze kwanza halafu uombe kibali baadaye, kibali hakirudi nyuma.

Hatua ya 2: Jua nani anakusimamia

Uingereza ndo walitunga sheria ya kwanza ya kitaifa ya majaribio ya wanyama, mwaka 1876, na ya sasa ni ya 1986. Wao wanataka leseni tatu: ya mahali, ya mradi, na ya mtu mwenyewe anayeshika mnyama. Ukiwa na mbili kati ya tatu bado huwezi kufanya chochote. Leseni ya mradi haizidi miaka 5.

Ulaya kwa ujumla mradi unapitishwa na mamlaka ya nchi, na mamlaka inatakiwa itoe uamuzi ndani ya siku 40 za kazi, inaweza kuongeza 15 kama mradi ni mgumu. Angalau theluthi moja ya wanaotumia wanyama wakaguliwe kila mwaka, wenye nyani (jamii yote ya nyani na tumbili) wakaguliwe kila mwaka bila kukosa, na sehemu ya ukaguzi huo iwe ya kushtukiza.

Marekani uzito uko kwenye kamati ya taasisi, inaitwa IACUC. Chini ya sera ya PHS inatakiwa iwe na watu wasiopungua 5, akiwemo daktari wa wanyama, mtafiti mwenye uzoefu wa wanyama, mtu ambaye kazi yake sio sayansi, na mtu wa nje asiye na uhusiano wowote na taasisi. Kila miezi sita kamati inapita vyumbani kukagua na kuandika ripoti. Uongozi wa taasisi unaweza kukataa mradi ambao kamati imepitisha, lakini hauwezi kupitisha mradi ambao kamati imeukataa, na hilo ni la muhimu sana, profesa mkubwa hawezi kwenda kwa mkuu wa chuo akanyooshewa mambo.

Kwenye nchi ambazo hazina sheria maalum, mara nyingi kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na kuna kanuni za kimataifa za CIOMS na ICLAS (mabaraza ya kimataifa ya sayansi ya tiba na ya wanyama wa maabara) za mwaka 2012 ambazo kamati nyingi zinazitumia kama msingi. Na hata kama hakuna anayekuuliza nyumbani, majarida yatakuuliza namba ya kibali siku ya kuchapisha, na wafadhili watakuuliza kabla ya hapo.

Hatua ya 3: Fanyia kazi zile R tatu, kwa ukweli

Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch, Waingereza wawili, walitoa kitabu kilicholeta kanuni ambayo leo imo kwenye karibu kila sheria ya eneo hili: tafuta mbadala wa mnyama (Replacement), punguza idadi (Reduction), boresha mnavyomtendea (Refinement). Kila fomu ina sehemu ya hizo tatu na kila kamati imechoka kusoma "hakuna mbadala" bila maelezo.

Kwenye mbadala, fanya utafutaji halisi. Andika ulitafuta kwenye hazina zipi za machapisho ya kisayansi, tarehe gani, kwa maneno gani, miaka ipi, na ulipata nini. Ukikuta mbadala upo ila haukufai, sema kwanini haukufai. Usidhani mbadala ni ndoto, kipimo cha zamani cha sumu kilichoua wanyama mpaka nusu yao wafe, OECD (jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi mbalimbali) waliuondoa mwongozo wake (namba 401) mwaka 2002 na kuweka njia zinazotumia wanyama wachache zaidi. Kupima vipodozi kwa wanyama Umoja wa Ulaya walikataza, na toka Machi 2013 hata kuuza vipodozi vilivyopimwa hivyo hairuhusiwi. Desemba 2022 Marekani nao walipitisha sheria inayoruhusu dawa mpya kuombewa majaribio ya binadamu kwa kutumia ushahidi wa seli, ogani ndogo za maabara na kompyuta, sio lazima wanyama kama ilivyokuwa tangu 1938.

Kwenye kupunguza, watu wanaelewa vibaya. Kupunguza sio kuchukua panya watatu ili uonekane una huruma. Ukitumia wachache mno matokeo hayaonyeshi kitu, wale watatu wameteseka bure na mwenzio atarudia tena na wengine. Inatakiwa idadi ambayo inatosha kujibu swali, basi. Njia nzuri ni kukokotoa nguvu ya kitakwimu, yaani uwezekano wa jaribio kuiona tofauti kama ipo kweli, wengi wanatumia 80% na kiwango cha makosa (kuona tofauti ambayo haipo) cha 5%, na ni vizuri ukae na mtu wa takwimu kabla ya fomu. Kama huna data yoyote ya nyuma ya kukokotolea, kuna hesabu nyepesi: chukua jumla ya wanyama utoe idadi ya makundi, jibu liangukie kati ya 10 na 20. Makundi 4 yenye wanyama 5 kila moja ni 20, toa 4 unapata 16, uko sawa. Wanyama 10 kila kundi ni 40, toa 4 unapata 36, umezidisha na kamati itakuuliza.

Afu gawa wanyama kwenye makundi kwa bahati nasibu ya kweli, sio kuchukua aliye karibu na mlango wa kizimba, manake aliye rahisi kukamatwa ndo mara nyingi mdhaifu au mpole zaidi. Na anayepima matokeo asijue mnyama yupo kundi gani.

Kuboresha ndo sehemu ambayo unaweza kuleta tofauti leo hii bila hela nyingi. Mfano mdogo kabisa: panya mdogo wa maabara usimnyanyue kwa mkia. Utafiti uliotoka 2010 ulionyesha panya wanaonyanyuliwa kwa mkia wanakuwa na wasiwasi zaidi kuliko wanaoingia wenyewe kwenye kijibomba cha plastiki au kubebwa kwa viganja viwili. Kijibomba kinakaa humo humo ndani ya kizimba, panya anakizoea, ukitaka kumhamisha unakisogeza mbele yake anaingia, unanyanyua. Na panya asiye na hofu anakupa data safi zaidi, kwahiyo hata yule ambaye hajali ustawi ana sababu ya kufanya hivyo.

Hatua ya 4: Andika protokoli

Anza na muhtasari wa lugha nyepesi, na hapa nakuomba muandikie yule mjumbe wa nje ambaye sio mwanasayansi. Ulaya muhtasari huu unachapishwa kwa umma. Akisoma asipoelewa panya anafanywa nini na kwa faida ya nani, umeshindwa kuandika, sio yeye ameshindwa kusoma.

Halafu eleza safari ya mnyama mmoja toka anafika mpaka mwisho. Sio "wanyama watatolewa damu", andika siku ya ngapi, toka wapi, kiasi gani, mara ngapi. Panya wa gramu 25 mwili mzima una damu kama mililita 1.8, na kanuni inayotumika sana ni kutochukua zaidi ya 10% kwa mara moja bila kumrudishia maji mwilini, yaani kama mililita 0.18. Ukiandika nusu mililita kwa panya ambaye anatakiwa aendelee kuishi, daktari wa wanyama ataona hapohapo kwamba hujui unachofanya.

Kama kuna upasuaji, taja nusukaputi ipi, dozi ngapi kwa kilo, utajuaje kwamba amelala kweli (unambana kidole cha mguu, akivuta mguu bado), na dawa ya maumivu itaanza saa ngapi. Bora dawa ya maumivu itangulie kabla ya kisu. Mnyama aliyelala hafumbi macho kwahiyo pakaa marhamu yasikauke, na panya wanapoteza joto haraka sana, weka kitu cha kupasha chini yake mpaka aamke na kutembea. Dawa ya kulegeza misuli bila nusukaputi ni marufuku kabisa, na unaelewa kwanini, mnyama anasikia kila kitu na hawezi hata kutikisika. Mnyama mmoja kufanyiwa upasuaji mkubwa mara mbili na kuachwa aishi nayo sheria ya Marekani hairuhusu ila kwa sababu nzito za kisayansi zilizokubaliwa, na kuokoa hela sio sababu.

Mwisho weka kiwango cha mateso. Ulaya wana ngazi nne: asiyeamka tena kutoka kwenye nusukaputi, hafifu, ya kati, kali. Kuwa mkweli, watu wengi wanashusha ngazi wakidhani itawapitisha haraka, matokeo yake siku ya ukaguzi kinachoonekana kwenye kizimba hakifanani na kilichoandikwa.

Hatua ya 5: Weka mpaka wa kusimama

Kwangu mimi hii ndo hatua nzito kuliko zote. Unatakiwa uandike kabla ya kuanza, ni dalili gani zikionekana kwa mnyama jaribio linaishia hapo kwake, iwe kwa kumtibu, kumtoa, au kumuua bila maumivu. "Tutasimamisha akionekana anaumwa sana" hiyo haitoshi, nani anaamua sana ni kiasi gani?

Weka vitu vya kupimika. Uzito: wengi wanaweka kikomo cha kupungua 20% ya uzito wa kuanzia, ila kwa jaribio la muda mrefu na wanyama wadogo wanaokua linganisha na wenzao wa umri huo. Uvimbe: ukubwa wake kwa milimita, na kama umepasuka kidonda basi bila mjadala. Sura: panya anayeumia anabana macho, pua na mashavu vinatuna, masikio yanarudi nyuma na kujikunja, sharubu zinabadilika mkao, kuna skeli nzima ya kupima hivyo toka 2010. Na manyoya yaliyovurugika, mgongo uliojikunja, kukaa peke yake kwenye kona.

Tengeneza karatasi ya alama, kila dalili 0 mpaka 3, andika ukifika jumla fulani unaongeza kumuangalia mara mbili kwa siku, ukifika nyingine unampigia daktari wa wanyama, ukifika ya juu unamaliza. Bandika mlangoni pamoja na majina na simu za watu wawili. Sikukuu na wikendi weka zamu kwa majina, kwasababu mnyama kukutwa amekufa jumatatu asubuhi wakati mpaka ulikuwa umeshavukwa jumamosi ni kosa la kuripotiwa, na ni mateso ambayo yalikuwa yanazuilika.

Hatua ya 6: Kifo kiandikwe vizuri

Wengi wanaandika mstari mmoja. Andika njia, nani anafanya, alifundishwa na nani, na utathibitishaje kwamba mnyama amekufa. Ukitumia gesi ya kaboni dioksaidi kwa panya, miongozo ya AVMA (chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani) ya 2020 inataka gesi iingie kwa kasi ya 30% mpaka 70% ya ujazo wa chombo kwa dakika. Sanduku la lita 20 maana yake lita 6 hadi 14 kwa dakika, kwahiyo lazima uwe na kipima mtiririko, kufungua tu mtungi kwa kukadiria hairuhusiwi. Usimtupe kwenye sanduku ambalo tayari limejaa gesi. Baada ya hapo fanya njia ya pili ya kuhakikisha. Watoto wachanga wa panya wanavumilia ukosefu wa oksijeni muda mrefu sana kuliko wakubwa, wanaweza kuonekana wamekufa halafu wakaamka, kwa hao njia ya pili ni lazima kabisa.

Hatua ya 7: Mafunzo, afya, usafirishaji

Haya kwa ufupi. Kila anayegusa mnyama awe kwenye orodha na awe na mafunzo ya aina hiyo ya mnyama na kitendo hicho. Aleji ya wanyama wa maabara inawapata wengi, vaa barakoa na glavu na uripoti ukianza kupiga chafya. Kusafirisha kwa ndege kuna kanuni za IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege), na mnyama au sampuli ya spishi iliyo kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini) inahitaji vibali vya kutoka na wakati mwingine vya kuingia, hata mirija ya damu, usije ukaishia forodhani.

Hatua ya 8: Kamati ikijibu

Mara nyingi jibu la kwanza ni maswali, sio ndiyo wala hapana. Jibu swali moja moja na ubadilishe kwenye protokoli yenyewe, sio kwenye barua tu. Chini ya PHS mradi unaweza kusomwa na mjumbe aliyeteuliwa badala ya kikao kizima, lakini mjumbe yeyote akitaka kikao kizima lazima kiitwe. Mwenye mradi kama ni mjumbe anatoka nje wakati wa kura. Usimchukulie daktari wa wanyama kama adui, mpe rasimu mapema, mambo mengi atakayoyataja ni yale yale yatakayokukwamisha kwenye kikao.

Hatua ya 9: Baada ya kibali

Hapa ndo kazi ya sheria inapoanza kuonekana. Ukitaka kubadilisha dawa, kuongeza wanyama, kubadilisha aina ya panya au mtu mpya aingie, unaomba marekebisho kwanza na unasubiri. Likitokea jambo ambalo halikutegemewa, wanyama wanakufa zaidi ya ulivyokadiria, unasimama, unaripoti, unaangalia sababu. Daktari wa wanyama ana mamlaka ya kuingilia kati na kumuokoa mnyama kwenye mateso hata kama jaribio lako linaharibika, na kamati inaweza kusimamisha mradi mzima.

Na ukiona mwenzio anafanya kinyume, sema. Mwaka 1981 huko Silver Spring, Maryland, polisi waliingia maabara na kuwachukua nyani 17 waliokuwa kwenye hali mbaya, baada ya mtu aliyekuwa anafanya kazi humo ndani kupiga picha na kuripoti. Lile sakata lilichangia marekebisho ya sheria ya Marekani ya mwaka 1985 ambayo ndo yalizilazimisha taasisi kuwa na kamati. Leo sheria hiyo inakataza kumbagua au kumlipizia kisasi mfanyakazi aliyeripoti. Ripoti kwa kamati, kwa daktari wa wanyama, au kwa mamlaka ya nchi, na andika tarehe, chumba, namba ya kizimba na ulichoona kwa macho, uchungu wako wote uweke kwenye ushahidi.

Hatua ya 10: Kuchapisha na kutunza kumbukumbu

Fuata mwongozo wa ARRIVE, ambao ni wa kuripoti tafiti za wanyama, toleo la 2020 lina mambo kumi ya lazima: mpango wa utafiti, idadi na ulivyoikokotoa, waliotolewa na kwanini, bahati nasibu, nani hakujua makundi, vipimo vya matokeo, takwimu, wanyama wenyewe, ulivyofanya, na matokeo. Matokeo yakiwa "hakuna tofauti" chapisha hivyo hivyo, usipochapisha kuna mtu mahali atarudia jaribio lile lile na wanyama wengine.

Kumbukumbu usitupe. Ulaya rekodi za wanyama zinatunzwa angalau miaka 5, na kila mbwa, paka na nyani ana faili lake binafsi linalotunzwa angalau miaka 3 baada ya yeye kufa. Na kama mnyama ana afya nzuri na daktari ameridhika, sheria hiyo inaruhusu apatiwe makazi mapya, hivyo panga hilo tangu kwenye protokoli, tafuta mpango wa kumzoesha watu, na siku anayoondoka taarifa zake za matibabu na tabia ziende pamoja naye kwa mtu anayempokea.